Wake Wawili wa Mbuvi

Jumapili ya pili ya Februari, mwaka wa 1994, Ndila alinyang'anywa birika la chai kanisani Kyuso. Hakukuwa na vuta nikuvute. Mwenyekiti wa akina mama alimfuata jikoni, akashika mpini wa birika, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo apumzike, wengine watagawa. Ndila akaelewa. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameona wanawake wawili wakihama benchi alilokalia, mmoja akisema anatafuta mahali penye hewa. Aliliachia birika, akafunga leso ya pili kiunoni juu ya ile ya kwanza, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda nyumbani kabla ibada haijafungwa.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na watoto sita. Damu ilianza mwaka uliopita, kidogo tu, kila baada ya kulala na mumewe, naye akafikiri ni uchovu wa shamba. Kisha ikawa inakuja yenyewe katikati ya mwezi, hata siku ambazo hakuwa amebeba kitu. Kufikia Krismasi palikuwa na majimaji yenye harufu ambayo sabuni haikuweza kuiondoa. Alichana mashuka ya zamani vipande vipande, akawa anavifua kabla ya watoto kuamka na kuvianika nyuma ya choo. Mwenye duka la dawa sokoni alimuuzia vidonge vya rangi mbili, akamuuzia tena, na mara ya tatu akamdunga sindano. Hakutaka kumkagua, na hata angetaka, Ndila hangekubali.

Mumewe, Mbuvi, alikuwa dereva wa lori. Alibeba mbuzi na ng'ombe kutoka Garissa kwenda Nairobi, akarudi na unga na mabati, na nyumbani alilala siku nne au tano kwa mwezi. Watu walimpenda. Akifika sokoni alinunulia wazee chai, na hakuna mtu wa Kyuso aliyewahi kuomba nafasi kwenye lori lake akanyimwa. Lakini mwezi wa Januari alipoona hali ya mkewe, alitoa godoro la wageni akahamia chumba kingine. Alikuwa amezika madereva wawili aliokuwa akila nao meza moja Garissa, wote kwa ukimwi, na hofu ilimkaa kifuani asiweze kuisema.

Hofu hiyo ilitokea kwa njia nyingine. Siku moja akitafuta hati ya shamba kwenye sanduku, alikuta kadi ya kliniki. Baada ya mtoto wa sita Ndila alikuwa amedungwa sindano ya kupanga uzazi, mwaka mmoja mzima, bila kumwambia. Mbuvi alichukua kadi ile akampelekea mama yake, Syokau, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwao.

"Mwanamke anayeficha hiki," alisema, "anaficha nini kingine?"

Syokau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, aliyeokoka wakati kanisa la Kyuso lilikuwa bado la udongo, na watoto wote sita wa Ndila aliwapokea kwa mikono yake. Ila alikuwa na maneno yake kuhusu ugonjwa wa sehemu zile. Alikuwa ameyasema zamani kuhusu mwanamke mwingine, na hakuna aliyewahi kumkosoa. Aliitazama kadi asiyoweza kuisoma, akamrudishia mwanawe, akamwambia aite watu wa kwao.

Mbuvi akamwandikia barua Jonah, kaka yake Ndila, kule Nuu. Alimtaka afike Jumamosi ya mwisho ya Machi, na asije peke yake, kwa sababu kuna jambo la kumrudisha dada yake nyumbani.

Ndila alijua kuhusu barua hiyo kutoka kwa mtoto wake wa pili aliyetumwa kuitia posta. Jumanne iliyofuata alipeleka gunia la ndengu Mwingi, kwenye duka la Barwaqo, mwanamke wa Kisomali aliyekuwa akinunua mazao yake kwa miaka mingi. Wakati ndengu zikipimwa aliketi juu ya magunia matupu. Aliposimama, gunia alilokalia lilikuwa limelowa.

Barwaqo aliliona kabla yake. Alifunga mlango wa duka, mchana wateja wakiwa nje, akamwongoza hadi uani, akampa ndoo ya maji na gauni lake mwenyewe. Alingoja Ndila amalize kujisafisha ndipo akamuuliza ni tangu lini. Ndila akamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa yote.

"Hii si ya vidonge," Barwaqo alisema. "Dada yangu alikaa nayo hivi hivi, anaona aibu. Sisi tukaona aibu pamoja na yeye. Nenda hospitali sasa, uliza sista Nzilani. Ndengu zako nitapima mimi, na ukirudi utakuta pesa yako iko."

Sista Nzilani alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mtu wa Mwingi hapo hapo. Alimlaza Ndila kitandani, akavuta taa karibu, akamweleza kila alichokuwa akifanya kabla ya kukifanya. Ndila alikaza macho kwenye dari. Alikuwa amezaa mara sita na hakuna mtu aliyewahi kumtazama pale kwa taa. Sista akasema anakata kipande kidogo kipelekwe Nairobi kikapimwe, na atamtoa damu pia. Majibu yangechukua wiki nne. Akamwambia siku ya kuyachukua asije peke yake.

Mbuvi aliposikia, hakukataza. Alimwambia mama yake ndiye aende. Alitaka kuwe na shahidi kutoka upande wake atakayesikia daktari akiutaja ugonjwa kwa jina na kueleza ulikotoka, ili Jonah na wazee wake wakija wasiwe na la kubishania.

Hivyo siku mbili kabla ya mkutano, Ndila na mama mkwe wake walikaa bega kwa bega mbele ya meza ya sista Nzilani. Syokau alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisani.

Sista alimuuliza Ndila kama anataka mama huyu asikie. Ndila akaitikia kwa kichwa.

"Ni kansa," sista alisema kwa Kikamba. "Iko kwenye mlango wa kizazi. Damu yako nayo ilipimwa, na huna ukimwi."

Ndila aliangalia mikono yake. Neno kansa alikuwa amelisikia redioni tu. Lakini Syokau alikuwa amekuja na swali moja, akaliuliza hapo hapo: imeletwa na nini? Ni ile sindano ya kupanga uzazi?

Sista akasema si ile sindano. Akaeleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na bado anaona kuna haja. Kuna virusi, alisema, ambavyo madaktari wameanza kuvielewa miaka ya karibuni tu. Vinaingia mwilini watu wakilala pamoja. Watu wengi wanavipata, wanaume kwa wanawake, na miili ya wengi inavifukuza bila mtu kujua. Kwa wengine vinabaki, vinakaa kimya miaka kumi, kumi na tano, huku vikiharibu ule mlango polepole. Msichana akianza mapema, mwili ukiwa bado haujakomaa, ni rahisi zaidi viuharibu. Akizaa sana hatari inaongezeka, akivuta sigara vivyo hivyo, au mwili wake ukiwa umedhoofika kwa ugonjwa mwingine.

"Na kabla ya kuwa kansa," aliendelea, "huwa ni kidonda kidogo kisichouma. Miaka mingi kinakaa hivyo. Mtu akikaguliwa wakati huo, kinatolewa na anaenda nyumbani kulima. Shida ni kwamba wanakuja kwetu wakishaanza kunuka." Akamgeukia Ndila. "Uliolewa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Kwa hivyo alilala na mtu," Syokau alisema. Ni hilo tu alilokuwa amelichukua katika maneno yote yale.

"Alilala na mume wake, mama. Hiyo inatosha."

Syokau akasema mwanawe ni mzima, hajawahi hata kulazwa. Sista akamwambia mwanaume haonyeshi dalili, anaweza kuwa na virusi hivyo mpaka azeeke asijue. Hakuna kipimo cha kuonyesha nani alimpa nani, na yeye hawezi kumshtaki mtu. Kisha akachukua kalamu, akauliza swali ambalo lilikuwa kwenye fomu yake. Mume amewahi kuwa na mke mwingine?

"Alikuwa naye kabla yangu," Ndila alisema. "Aliitwa Kasyoka. Alikufa kwa tumbo."

"Tumbo gani?"

Ndila hakujua. Akamtazama mama mkwe wake, na sista naye akamtazama.

Syokau alivuta kitambaa chake mbele ya paji la uso. Alipoanza kusema, alisema kama anayehesabu hatua. Kasyoka alikuwa mtu wa Kalamba, upande wa Makueni. Aliolewa mdogo, akazaa wawili, wote wakafa kwa surua. Alipofika miaka thelathini na moja hivi alianza kutoka damu.

"Katikati ya mwezi?" sista aliuliza.

"Wakati wowote."

"Na majimaji?"

"Ndiyo."

"Yenye harufu?"

Syokau akaitikia kwa kichwa.

"Mgongo ulimuuma?"

"Alisema unamuuma mpaka kwenye mguu. Tuliona ni uvivu."

Sista Nzilani akaweka kalamu chini. Alisema hakumpima mtu huyo na hawezi kuapa. Lakini wanawake aliowaona wakifa kwa kansa ya mlango wa kizazi walikufa hivyo. Kisha akarudi kwa aliye hai. Ugonjwa wa Ndila ulikuwa umeanza kutoka nje ya mlango wa kizazi, ila haukuwa umefika mbali. Haukuwa wa kukatwa tena. Ulihitaji kuchomwa kwa mionzi, Nairobi, wiki sita, na kila wiki ya kungoja ingekuwa hasara. Akaandika barua, akaitia kwenye bahasha, akampa Ndila mkononi.

Walikaa kwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya Garissa wakingoja gari la Kyuso. Malori yalipita na vumbi lake. Chai ilikuja na hakuna aliyeinywa.

"Mwaitu," Ndila alisema, akimwita mama kama alivyomwita miaka yote, "mliniambia ni tumbo."

"Wewe ulikuwa unaolewa, ndiyo tukakuambia tumbo. Wengine wote tuliwaambia ni umalaya." Syokau alizungusha kikombe. "Mimi ndiye niliyesema. Mbuvi alikuwa hajui la kufanya. Nilimwambia mwanamke hawezi kuoza huko chini bila sababu. Tukampeleka kwao akiwa mgonjwa, tukadai mbuzi wetu wa mahari, wakatoa. Nilihesabu mimi mwenyewe mlangoni kwa mama yake."

Ndila alitaka kumuuliza kama Kasyoka alilia. Gari la Kyuso likaja, wakaingia.

Jumamosi Jonah alifika na wazee wawili wa ukoo, saa chache baada ya Mbuvi kurudi safarini, kabla hajamuuliza mama yake majibu. Walikaribishwa sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa alivyoshona Ndila mwenyewe. Yeye aliwekewa kigoda nje ya mlango, mahali pa kusikia bila kuonekana sana. Jonah alikuwa fundi wa baiskeli, mtu asiyependa maneno, na njia nzima alikuwa akiwaza chumba gani nyumbani kwake kingetosha.

Mbuvi aliongea vizuri. Hakumtukana mtu. Alisema ameishi na Ndila miaka kumi na saba bila ugomvi, lakini yamejitokeza mambo ambayo mwanaume hawezi kuyafumbia macho. Akaitoa kadi ya kliniki, akaiweka mezani. Akasema mwanamke aliyeficha hiki sasa ana ugonjwa wa aibu, na mama yake mwenyewe ameenda hospitali kusikia ulikotoka. Yeye hadai chochote. Anaomba tu wamchukue dada yao, akapumzike kwao.

Mmoja wa wazee wa Nuu akageuka kwa Syokau. Akamwomba awaambie alichosikia.

Syokau hakusimama. Alisema akiwa ameketi, mikono juu ya magoti.

"Nilisikia ni kansa. Si ukimwi. Si sindano. Nilisikia inaletwa na kitu ambacho mwanaume anakibeba bila kujua na mwanamke anakipokea bila kujua. Nikaulizwa kuhusu Kasyoka."

"Mama, hatujaitana kwa ajili ya Kasyoka," Mbuvi alisema.

"Mimi nimeitwa kusema nilichosikia. Umeoa wanawake wawili. Mmoja wa Kalamba, mmoja wa Nuu. Hawakuwahi kuonana, hawakuwahi kunywa kisima kimoja. Wamepata ugonjwa mmoja. Walichokuwa nacho pamoja ni wewe tu."

Mbuvi alishika kadi iliyokuwa mezani, akaikunja, akaikunjua. Nje kwenye kigoda Ndila alifunika uso kwa leso.

"Unaniita muuaji mbele ya wageni," Mbuvi alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ndogo.

"Sista amesema hakuna ajuaye nani alimpa nani. Ya Kasyoka hukuyajua, mimi sikuyajua, na hilo ni la Mungu. Lakini hili la sasa unalijua. Yule wa kwanza nilimfukuza mimi. Huyu haendi. Ukimtoa hapa, utatutoa wawili."

Jonah ndiye aliyeongea sasa. Aliuliza hospitali ya Nairobi inataka nini. Hakuna aliyejua hasa. Akasema ana ng'ombe mmoja, atamuuza. Wazee wakasema hilo ni neno jema, na kwamba barua ya sista isomwe. Mbuvi alitoka nje. Alipita karibu na mke wake bila kumtazama, akaenda kusimama kando ya lori lake, na alikaa huko mpaka wageni walipokwisha kula na kuondoka.

Siku ya tatu, akiwa anajaza maji kwenye rejeta, alimwambia Ndila kwamba Jumatatu lori linaenda Nairobi na nafasi ya mbele iko wazi.

Walisafiri hivyo, yeye kwenye usukani, mkewe kando yake juu ya mto alioukunja Syokau. Mbuzi walilia nyuma. Walipita Thika ndipo Mbuvi alipofungua mdomo. Aliuliza kama amekaa vizuri. Ndila akasema amekaa vizuri. Baada ya mwendo mwingine akasema, macho yakiwa barabarani, kwamba kuna wanawake Garissa, na mwingine Ukasi.

"Najua," Ndila alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu zamani. Waambie waende wakaguliwe."

Mbuvi alipangusa kioo kwa mkono ingawa hakikuwa na kitu. Akasema atawaambia. Kama aliwaambia au hakuwaambia, Ndila hakuwahi kujua.

Mionzi ilichukua wiki saba badala ya sita, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Ilimharisha, ikamchoma ngozi, ikamwondolea hamu ya chakula. Ng'ombe wa Jonah aliliwa na hospitali, na magunia matatu ya ndengu pia, na Barwaqo alituma shuka mbili mpya kwa dereva aliyekuwa akipita. Juni ilipoanza damu ilikoma. Daktari alimwambia arudi kila baada ya miezi mitatu, na kwamba hawezi kumwahidi miaka, ila dalili ni nzuri. Alirudi Kyuso akiwa mwepesi kama msichana, nywele ziko, na hamu ya kula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, imerudi.

Wiki ya tatu baada ya kurudi kwake alimkuta mama mkwe wake akipepeta mtama. Aliketi kando, akachukua ungo mwingine.

"Mwaitu, mimi nimerudi," alisema. "Naweza kujipikia. Sasa nenda Kalamba."

Syokau aliendelea kupepeta. Akasema ni mbali, na huenda yule mama alishakufa.

"Kama amekufa, utarudi."

Alimfungia sukari na majani ya chai kwenye kiondo, akamtafutia gari la Machakos. Syokau alilala huko kwa binamu yake, na kesho yake kabla ya adhuhuri akafika Kalamba, miguu imevimba. Hakuhitaji kuuliza njia. Aliikumbuka tangu siku ile ya mbuzi.

Ndululu, mama yake Kasyoka, alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharagwe. Walikuwa karibu umri mmoja. Alimtambua mgeni akiwa bado kwenye kijia, lakini hakusimama.

"Umekuja kuchukua mbuzi gani tena?" alisema. "Walikwisha."

Syokau aliweka kiondo chini. Hakukaribishwa kiti, akabaki wima. Alieleza jinsi mke wa pili wa Mbuvi alivyougua, alivyopelekwa hospitali, alivyoambiwa na sista. Alieleza kuhusu virusi na mlango wa kizazi. Akasema Kasyoka hakuwa malaya. Akasema ni yeye, Syokau, aliyelianzisha neno hilo, na alikuwa hana ushahidi wowote.

Ndululu alimaliza maharagwe yaliyokuwa mkononi.

"Unaniambia mimi?" alisema. "Mimi nilijua. Nilimwosha miezi saba mpaka akafa. Alikuwa ananiapia kila siku, na mimi namwambia asiape, namwamini. Anayehitaji kusikia haya si mimi." Akasimama kwa kujishika kwenye fremu ya mlango. "Twende."

Alimtangulia hadi nyumba ya shemeji yake, mzee aliyekuwa amekataa Kasyoka azikwe karibu na kaburi la baba yake. Akabisha, akasema, "Huyu ni mama ya Mbuvi. Ana neno." Kisha akasogea kando. Syokau akasema neno lake. Kutoka hapo wakaenda kwa jirani aliyewakataza watoto wake kuchota maji pamoja na watu wa nyumba ya Ndululu. Kisha kwa mzee wa kanisa ambaye siku ya mazishi alisema yuko safarini na hakuwa safarini. Watu walisikiliza wakiwa wamesimama. Wengine walisema asante, wengine walisema hayo ni ya zamani. Mmoja alicheka, kisha akaona Ndululu hacheki.

Katika nyumba ya kwanza Syokau alianzia hospitalini, kwa sista na virusi, na ilimchukua muda kufika kwa Kasyoka. Kufikia nyumba ya tano alikuwa amejifunza. Alianza hivi: "Nilidanganya." Yaliyobaki yalifuata kwa urahisi zaidi. Walizunguka nyumba tisa, na jua lilikuwa bado liko juu ya kilima waliporudi.

Mwanamke mmoja alikuwa akiwafuata tangu nyumba ya pili, akiwa amesimama nyuma kila mahali. Aliitwa Mbinya, mke wa kitinda mimba wa Ndululu, mama wa watoto wanane. Ndululu alipoingia jikoni kuwasha moto, Mbinya alimkaribia mgeni pale uani.

"Ile damu," alisema. "Huyo sista alisema inaanza baada ya kulala na mume?"

Syokau alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliona leso mbili kiunoni.

"Yako ina muda gani?"

"Tangu mwaka juzi."

"Umemwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Nimeolewa nyumba hii. Nikikosana na mtu kisimani, ananitajia Kasyoka."

Miguu ilikuwa ikimuuma Syokau, naye alikuwa amepanga kuondoka kesho yake alfajiri kurudi kwake. Aliingia jikoni, akamwambia Ndululu yale aliyoyasikia sasa hivi. Ndululu alibaki ameshika kuni mkononi. Kisha akaitia motoni, akamwita Mbinya aingie, akamvutia kigoda karibu na moto. Wote watatu walikula pamoja, na sukari ya Kyuso ilitiwa kwenye chai.

Asubuhi walipanda gari la kwenda mji wa Wote. Kwenye hospitali foleni ilikuwa imefika nje, wanawake na watoto wachanga, wanaume wawili watatu wenye bandeji. Walipofika dirishani karani aliwaangalia, vikongwe wawili na mwanamke mmoja katikati yao, akauliza mgonjwa ni nani na anaumwa nini. Mbinya akainamisha kichwa. Watu nyuma yao walikuwa karibu kiasi cha kusikia kila kitu.

"Mlango wa kizazi," Ndululu alisema kwa sauti kamili. "Tunataka kukaguliwa."

Karani akainua kalamu. "Jina la mgonjwa?"

"Tuandike sote watatu," Syokau alisema.